Kabla ya kutia sahihi: haki zako baada ya ajali ya barabarani

Jirani yangu mmoja hapa Kisauni alivunjika mguu akiwa abiria kwenye tuktuk. Matatu iliwagonga kwa nyuma, tuktuk ikapinduka, na mguu wa kulia ukabaki chini ya chuma. Siku ya tatu akiwa wodini alijiwa na watu wawili waliosema wametumwa na mwenye gari. Walileta matunda na maziwa, wakampa pole, wakamwombea dua. Kabla ya kuondoka walimpa shilingi elfu 30 za kujisaidia na karatasi moja atie sahihi, "ili mwenye gari ajue kwamba tumefika."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Alitia sahihi, na wao wakaondoka nayo.

Miezi minane baadaye, chuma bado kimo mguuni na deni la hospitali halijaisha, alikwenda kwa wakili. Wakili akaandikia kampuni ya bima. Jibu lilirudi na nakala ya karatasi ileile: yeye mwenyewe, kwa hiari yake, amepokea fidia kamili na ya mwisho, na hana dai lingine lolote kwa dereva, kwa mwenye gari wala kwa bima.

"Mimi nilidhani ni risiti," aliniambia.

Mimi si wakili. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiulizia mambo haya kwa wanaoyajua, na nimegundua kwamba sisi watu wa Pwani tunapoteza haki zetu kwa njia zilezile kila mara. Tunakimbilia kumalizana, hatuweki karatasi, na tunachelewa. Juu ya hayo lipo neno moja zuri ambalo tunalitumia mahali si pake: kadari. Nitalirudia.

Pale pale barabarani

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamlazimu dereva kusimama baada ya ajali, kutoa jina lake, anwani yake na jina la mwenye gari kwa mtu mwenye sababu ya kuyauliza. Ikiwa hakuyatoa, ni lazima apige ripoti kituo cha polisi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote isizidi saa 24. Pakiwa na kifo au majeraha makubwa, magari hayasogezwi bila ruhusa ya polisi, isipokuwa kumtoa aliyenaswa. Tunajua yanayotokea hasa kati ya Mtwapa na Kilifi au kule Mariakani: ndani ya robo saa gari limeshasukumwa kando, vioo vimefagiwa, na dereva amepanda boda "kwenda kuripoti."

Kwa hivyo, kama una uwezo wa kusimama, toa simu. Piga picha nambari za magari yote. Piga picha stika ya bima kwenye kioo cha mbele, tena kwa karibu, mpaka tarehe zisomeke. Matatu nyingi hulipa bima ya mwezi mmoja mmoja, na kampuni ya mwezi huu huenda si ya mwezi uliopita. Piga jina la sacco lililoandikwa ubavuni. Piga mahali magari yaliposimama kabla hayajasogezwa. Kisha tafuta mtu mmoja aliyeona, muuza madafu, bawabu wa geti, mwanafunzi, uchukue nambari yake ya simu. Watu wetu ni wepisi wa kusaidia, wallahi, watakubeba mpaka hospitali na hata kukulipia tuktuk. Ila wakishatawanyika, kumpata mmoja wao baada ya mwaka ili aje kortini aseme alichokiona ni kazi kubwa.

Kama wewe ndiye dereva, mpe mwenzako pole, msaidie, mpeleke hospitali. Hayo ni utu. Lakini usiseme "kosa ni langu" wala usiandike karatasi ya kukubali makosa kandokando ya barabara. Hukujua bado kama breki za mwenzako zilifanya kazi, na mikataba mingi ya bima inakataza mteja kukubali lawama bila kampuni kujua. Pigia bima yako siku hiyohiyo.

Na kumalizana pale pale? Taa imevunjika, bampa imebonyea, hakuna aliyeumia, mnaelewana, mnapeana M-Pesa, kila mtu na njia yake. Sina neno. Mtu akiwa ameumia, hata kama anasema anajisikia vizuri, usimalizane. Shingo na mgongo huuma kesho yake. Damu ya ndani ya kichwa haionekani kwa macho.

Hospitali, polisi, na majina yasiyofanana

Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Maana yake ni kwamba huduma ya kuokoa maisha haingoji amana ya fedha. Ukiambiwa ulipe kwanza huku mgonjwa anavuja damu, kitaje kifungu hicho kwa sauti, tena mbele za watu. Mara nyingi hapo huitwa mkubwa zaidi na mambo hubadilika.

Tangu siku ya kwanza, chukua mfuko mmoja uwe wa karatasi za ajali pekee: kadi ya hospitali, picha za eksirei, maagizo ya dawa, barua ya kutoka wodini, risiti zote. Weka hata risiti ya magongo, hata ya teksi ya kwenda kliniki. Sababu ni kwamba mahakama hugawa fidia mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la maumivu na hasara ya mwili, na hilo hakimu hulipima mwenyewe kwa kutazama kesi zilizotangulia za majeraha yanayofanana. Fungu la pili ni la fedha ulizotoa mfukoni, na hilo halikisiwi. Ukisema ulitumia elfu 80 na una risiti za elfu 12, utalipwa elfu 12.

Ripoti lazima iingie kwenye kitabu cha matukio cha polisi, kile kinachoitwa OB, nawe upewe nambari yake. Usitosheke na kuambiwa "tumeshaandika." Kama aliyeumia yuko wodini, aende ndugu yake. Baadaye utahitaji vitu viwili kutoka kituoni. Cha kwanza ni fomu ya P3, ambayo sehemu moja hujazwa na polisi na nyingine na daktari, akieleza majeraha na ukubwa wake. Cha pili ni abstrakti ya polisi, karatasi inayosema ajali ilitokea lini, wapi, magari gani, bima gani, nani aliumia. Fomu ya P3 ni bure. Ukiombwa "ya karatasi" au "ya wino," unajua unaombwa nini.

Isome abstrakti ukiwa bado umesimama kaunta. Hapa ndipo kesi nyingi za watu wetu huanza kuyumba. Kitambulisho kinasema Mohamed Ali Omar, abstrakti inasema Muhammad Ali, kadi ya hospitali inasema Mohamed Omari wa Bombolulu. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja. Kwa wakili wa bima ni watu watatu, na mmoja tu ndiye aliyekuwa kwenye tuktuk. Wanawake ndio wanaoumia zaidi kwa hili, kwa sababu hospitalini huandikwa kwa jina la mume au kwa "mama fulani." Jina, nambari ya gari, tarehe: kosa lirekebishwe siku hiyohiyo.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kesi mbili. Polisi wakimshtaki dereva kwa kuendesha ovyo, hiyo ni kesi ya serikali. Akipatikana na hatia na kutozwa faini, faini huenda serikalini. Wewe hupati hata senti. Nimemsikia mama mmoja nje ya mahakama ya Shanzu akilia kwamba "hakimu amempa serikali pesa zangu." Pesa zake hazikuwamo katika kesi ile. Fidia hudaiwa kwa kesi ya madai, unayoifungua wewe. Lakini usiidharau ile ya trafiki. Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda, kwa kuwa hukumu ya hatia dhidi ya dereva ni silaha kubwa mkononi mwako katika kesi yako ya madai. Mashahidi wasipofika, kesi hutupwa, na dereva hutoka akisema korti imemsafisha.

Saa inahesabu

Kwa kawaida una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya madai. Inaonekana mingi. Mwaka wa kwanza unaishia kwenye matibabu, wa pili kwenye ahadi za "tutakuita," wa tatu unakuja kushtuka umebaki na wiki mbili.

Kama gari lililokugonga ni la serikali, muda ni miezi 12 tu. Nairudia kwa kuwa nimewaona wawili walioumizwa hivyo: gari la polisi, la wizara, ambulensi ya umma, mwaka mmoja. Ukipita, mlango umefungwa.

Mtoto muda wake huanza kuhesabiwa atimizapo miaka 18. Lakini hiyo isiwe sababu ya mzazi kukaa kitako. Mzazi anaweza kumfungulia kesi sasa, wakati shahidi bado yuko mtaani na daktari bado anamkumbuka.

Na aliyeumia akiwa kazini, dereva wa lori la Bandari, tanboi, mfanyakazi aliyebebwa na gari la kampuni, ana njia nyingine ya kudai fidia kupitia Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Dai hilo linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Mwajiri aarifiwe mara moja, kwa maandishi.

Bima italipa nini, na italikataa lini

Kila gari barabarani linatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu. Hiyo ndiyo Sura ya 405. Mtu wa tatu ni wewe: mpita njia, mwendesha baiskeli, aliye ndani ya gari jingine. Ukishinda kesi, kampuni ya bima ndiyo inayolazimika kulipa hukumu, mpaka shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo kinamwangukia mwenye gari. Lakini bima lazima iarifiwe kuhusu kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Wakili akisahau ilani hiyo, unaweza kushinda kesi na bima ikakuambia haikuhusu. Muulize wakili wako: "Ilani ya bima umeipeleka lini? Nionyeshe."

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi, kwa sababu linatuhusu sisi hasa. Sheria hiyo hailazimishi bima ya kawaida ya mtu wa tatu kuwagharamia abiria walio ndani ya gari lenyewe, isipokuwa gari ni la kubeba abiria kwa malipo, au wamebebwa kwa ajili ya kazi yao. Gari la abiria linatakiwa liwe na bima ya abiria.

Fikiria arusi zetu. Watu 14 wanatoka Majengo kwenda Malindi kumleta bibi arusi. Matatu ni ghali, basi linakodishwa Noah la mtu binafsi, mwenye gari analipwa elfu kadhaa, kina mama nyuma, watoto mapajani. Bima ya gari lile ni ya matumizi binafsi. Likipinduka Vipingo, kampuni ya bima itauliza swali moja tu: je, mlilipa nauli? Mkisema ndiyo, itasema gari lilitumiwa kinyume cha mkataba. Mkisema hapana, itasema abiria wa gari la binafsi hawamo kwenye bima. Pande zote mbili mmenaswa. Mtabaki na mwenye Noah, ambaye mali yake yote ni hilo Noah lililopinduka. Ni vivyo hivyo kwa Probox za kwenda matangani na pikapu za kwenda ziarani. Kabla ya kukodi, omba kuiona stika ya bima, uangalie imeandikwa ya abiria au ya binafsi. Ni aibu ya dakika moja tu.

Bodaboda nao ni hivyo hivyo. Wengi wana bima, wengine hawana, na wengine wana ya mwezi uliokwisha Jumanne. Ukimshtaki mwenye boda asiye na bima wala mali unaweza kupata hukumu nzuri sana ya kutundika ukutani.

Kuna na hili la kampuni zenyewe kuanguka. Wenye umri wangu tunaikumbuka Blue Shield, iliyowekwa chini ya usimamizi mwaka 2011, ikiacha madai mengi ya matatu bila kulipwa, na si ya kwanza wala ya mwisho. Bima ikianguka, upo Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, lakini malipo yake yana kikomo cha shilingi 250,000 kwa dai. Ukiwa na hukumu ya milioni moja na nusu, unaona tofauti.

Jina la mwenye gari hutafutwa kwenye rekodi za NTSA kupitia eCitizen, kwa ada ndogo. Ukweli ni kwamba magari mengi hapa Mombasa yameuzwa mara tatu bila umiliki kubadilishwa, kwa hivyo jina utakalolipata huenda ni la mtu aliyeliuza zamani na kulisahau. Nawe uliyeuza gari lako kwa kupeana mikono na kuachia logibuku, jua kwamba ajali ikitokea ni wewe utakayepokea barua ya mahakama.

Pakiwa na msiba

Sisi huzika haraka, na hiyo ndiyo sunna. Ajali ya saa nne asubuhi, alasiri watu wako makaburini. Lakini kifo cha ajali ni kifo cha polisi pia. Kabla ya maziko, hakikisheni tukio limeandikwa kwenye OB kwa jina kamili la marehemu na kibali cha kuzika kimetolewa. Familia nyingi huomba maiti isipasuliwe, na ombi hilo lina heshima yake. Basi liwe kwa maandishi, na daktari aandike alichokiona kwa nje: kichwa, kifua, nyonga. Bila karatasi ya daktari, miaka miwili baadaye wakili wa bima atasimama aulize ni nini kinachoonyesha kwamba mtu huyu alikufa kwa ajali na si kwa maradhi yake ya moyo. Cheti cha kifo pia kifuatiliwe mapema.

Wanaodai kwa niaba ya marehemu chini ya Sheria ya Ajali Zenye Kifo ni mke au mume, wazazi, na watoto. Ami hayumo. Kaka hayumo, hata kama ndiye aliyesimamia maziko na kulipa wapishi. Kesi ya marehemu mmoja hufunguliwa mara moja kwa ajili ya wote wanaostahili, kwa hivyo mke wa pili aliyeko Ukunda naye atajwe, na watoto wake watajwe. Nimeona familia ikimficha mwenzao mpaka hukumu, kisha kesi ikageuka vita vya wajane wawili huku bima ikitazama. Hapa ndipo cheti cha ndoa kinapohitajika. Ndoa nyingi zetu zimefungwa mbele ya shekhe na mashahidi, kisha hakuna aliyekwenda kuziandikisha. Mbele ya Mungu ni ndoa. Mbele ya karani wa mahakama unaanza kutafuta mashahidi na barua ya chifu.

Fungu moja la fidia huhesabiwa kuwa ni la hao wategemezi wenyewe, kwa kadiri mahakama itakavyogawa. Fungu jingine huingia katika mali ya marehemu, na hilo ndilo linalogawanywa kama mirathi. Msimamizi anahitaji barua ya mahakama ya kumruhusu kushtaki kwa niaba ya marehemu. Ipo ya muda, kwa ajili ya kesi tu, na kuipata si kazi ndefu kama watu wanavyodhani. Mwambie wakili asifungue kesi bila hiyo.

Kama marehemu hakuwa na hati ya mshahara, kama wavuvi wetu, wachuuzi, mafundi, msikate tamaa. Taarifa za M-Pesa za miezi sita, daftari la bandari ya samaki, hata mtu aliyekuwa akimnunulia, vyote ni ushahidi wa kipato. Pasipo na chochote, mahakama mara nyingi hurudi kwenye kiwango cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali. Gharama za mazishi za kiasi zimewahi kukubaliwa bila risiti, kwa kuwa hakuna anayeomba risiti ya sanda. Lakini ukiipata, iweke.

Na mjane akiwa edani? Miezi minne na siku kumi ni sehemu kubwa ya ule mwaka mmoja, ikiwa gari ni la serikali. Masheikh wengi niliowasikia humruhusu mjane kutoka mchana kwa haja ya lazima, na kutetea haki ya mayatima sijui kama kuna haja kubwa zaidi. Muulize shekhe wako. Kama hatoki, wakili anaweza kuja nyumbani, au kaka yake akafuatilia karatasi kituoni. Kisichofaa ni kila mtu kungoja eda iishe ndipo swali la kwanza liulizwe.

Sasa lile neno. Kila ajali ikitokea utasikia, "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu, tumesamehe." Sipingi. Kusamehe ni daraja kubwa. Lakini Qur'ani yenyewe, katika Surat Nisaa aya ya 92, imeweka diya kwa aliyeua bila kukusudia, na ikawaachia wenye haki hiari ya kuisamehe. Maana yake haki ipo kwanza, ndipo isamehewe. Tena anayesamehe ni mwenyewe mwenye haki. Mtu mzima aliyevunjwa mguu akisamehe mguu wake, ni wake. Ami wa mtoto wa miaka minne anaposimama matangani na kutangaza "familia imesamehe," anasamehe nini? Karo ya nani? Mali ya yatima haisamehewi na mtu mwingine kwa kutaka sifa mbele ya watu waliokaa mkekani. Na tusisahau kwamba mara nyingi anayelipa si yule dereva maskini tunayemwonea huruma, bali ni kampuni iliyopokea pesa za bima kila mwezi kwa ajili ya siku kama hiyo.

Wakili, na wanaokuja kwa jina la wakili

Ukilazwa kwa ajali Mombasa hii, utatembelewa. Atakuja kijana mwenye faili, anajua jina lako, anajua wodi yako, na usimuulize amejuaje. Atasema ametoka "kwa ofisi ya wakili" na utalipwa ndani ya miezi mitatu bila kutoa shilingi. Sheria ya mawakili inakataza wakili kutafuta wateja kwa madalali. Inakataza pia mapatano ya kwamba wakili atalipwa tu kesi ikishinda, au achukue asilimia fulani ya fidia. Kwa hivyo mtu anayeanza kwa kukuvunjia sheria kwa manufaa yako, fikiri atakufanyia nini wewe pesa zikifika.

Chagua wakili mwenyewe. Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha kwenye tovuti yake, unaandika jina unaona kama ana leseni ya mwaka huu. Nenda ofisini kwake, mwone kwa macho. Mpe nakala, ubaki na karatasi asilia mpaka zitakapohitajika, na akizichukua akuandikie. Mwombe mapatano ya malipo kwa maandishi. Uliza nambari ya kesi na uiweke, ili uweze kwenda mwenyewe kwenye sajili ya mahakama kuuliza imefikia wapi. Malalamiko ninayoyasikia zaidi ya yote ni haya: bima ililipa zamani, pesa ziliingia kwa wakili, mteja anaambiwa bado. Ukilishuku hilo, andikia bima kuuliza walilipa lini na kiasi gani. Ukithibitisha, ipo Kamisheni ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kulalamika huko hakuhitaji wakili mwingine.

Wengine wameniuliza kuhusu mahakama ya madai madogo, ile ya madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Sheria yake ya 2016 inataja fidia ya majeraha ya mwili, lakini majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana kama kesi za ajali zinaingia humo. Kwa gari lililobonyea, inafaa sana. Kwa mguu uliovunjika, uliza kwanza, usije ukashinda halafu rufaa ikakurudisha mwanzo.

Na ile karatasi ya "kamili na ya mwisho." Si haramu yenyewe. Kesi nyingi humalizika kwa maelewano nje ya mahakama, na hapo utaitia sahihi kwa haki. Lakini isainiwe baada ya daktari kusema umepona au umebaki na kilema cha kiasi gani, baada ya mtu unayemwamini kukusomea kwa Kiswahili kila mstari, na kiasi kikiwa kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Usiitie ukiwa kitandani. Anayekuja na matunda mpokee, mshukuru, kula matunda. Karatasi mwambie aiache, utaisoma. Kama hataki kuiacha, umeshapata jibu.

Aliyekwisha kuitia sahihi hana mlango mpana, lakini hajafungiwa kabisa. Mahakama inaweza kuutengua mkataba kama mtu alidanganywa kuhusu kilichomo au alishinikizwa, na ni juu yake kuthibitisha. Jirani yangu amefungua kesi kwa hoja hiyo. Wakili wake amemtaka ataje nani mwingine alikuwepo wodini siku ile. Alikuwepo mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mmoja wa Kaloleni, aliyesikia maneno yote na hata kugawiwa machungwa. Jina lake hawakuulizana. Tangu mwezi uliopita mkewe anazunguka na magari ya Kaloleni akimtafuta.